Seli shina za wanyama wa majini wasio na uti wa mgongo: je, kila seli ina kiota chake?

Mwalimu wa Mto (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa kidato cha sita aliniuliza swali lililoninyamazisha mbele ya darasa. Tulikuwa tumemaliza somo la damu, na nilikuwa nimewaeleza kwamba seli zote za damu ya mtu mzima chimbuko lake ni seli shina chache zinazokaa ndani ya uboho wa mifupa. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, mnyoo hana mfupa. Seli shina zake zinakaa wapi?" Nilimwahidi jibu, na katika kulitafuta nimeona kwamba swali lake ni zito kuliko alivyodhani mwenyewe, kwa kuwa linagusa dhana ambayo wengi wetu tumeipokea kutoka kwenye vitabu vya tiba bila kuichunguza. Naleta hapa nilichokipata, na ninaomba wenye uzoefu wa bahari, maziwa na maabara wachangie.

Tuanze na maneno. Seli shina ni seli ambayo bado haijashika kazi maalumu mwilini; ikigawanyika, huacha nyuma seli iliyo kama yenyewe na kutoa nyingine zitakazokuwa misuli, neva, ngozi au mbegu za uzazi. Mwaka 1978 mtafiti Ray Schofield, aliyekuwa akichunguza seli zinazozalisha damu, alipendekeza kwamba seli shina haiwi shina kwa tabia yake peke yake, bali pia kwa mahali ilipo: majirani zake huilinda na kuizuia isikomae, na ikitoka pale hugeuka kuwa seli ya kawaida. Mahali hapo wengine hupaita makazi ya seli, wengine mazingira ya tishu. Mimi nimechagua neno kiota, kwa sababu kiota hutengenezwa na mwingine, na kinda akiwa ndani yake hulishwa, hulindwa na kuzuiwa kuruka kabla ya wakati.

Dhana hiyo ilikuja kuthibitika vizuri kwa nzi wa matunda na kwa panya, ambao ndani yao unaweza kunyoosha kidole na kusema: seli shina ni hii, na majirani wanaoishikilia ni hawa. Kosa letu likawa kuamini kwamba kila mnyama lazima awe na kiota cha namna hiyo, chenye kuta na mlango. Wanyama wa majini wasio na uti wa mgongo wanakataa. Baadhi yao wamejaa seli shina mwili mzima, wengine hubomoa viota vyao kila wiki na kuvijenga upya, na yupo mmoja, nitakayemfikia, ambaye kiota chake ni mwili wa mnyama mwingine. Maoni yangu ni kwamba mpangilio wa mamalia ni tawi moja tu la mti mpana zaidi, na anayetaka kuuelewa mti hana budi kuingia majini.

Mwalimu wa Mto

Naendelea, na nianze na haidra.

Haidra ni mnyama wa maji baridi, mwenye urefu wa takriban sentimita moja au chini ya hapo, anayeishi ameng'ang'ania jani au kijiti katika maji tulivu. Mwaka 1740 Abraham Trembley, aliyekuwa akifundisha watoto wa familia moja ya kikabaila karibu na The Hague, Uholanzi, alimkata vipande na kuona kila kipande kikijikamilisha kuwa mnyama mzima. Alichapisha matokeo yake mwaka 1744, na wasomi wa Ulaya walitikisika, kwa kuwa hawakuwa na namna ya kueleza mnyama anayeota kama chipukizi la muhogo.

Leo tunajua kwamba mwili wa haidra ni mrija wenye tabaka mbili za seli, na ndani yake zimo jamii tatu za seli shina. Tabaka la nje lina za kwake, tabaka la ndani lina za kwake, na jamii ya tatu ni seli ndogo za mviringo zilizojibana katika nafasi zilizo baina ya seli za tabaka la nje. Hizi ndogo ndizo zinazozaa neva, seli zenye miiba ya sumu, seli za tezi na seli za uzazi. Kiwiliwili chote cha katikati hugawanyika bila kukoma, na seli zinazozaliwa husukumwa taratibu kuelekea kichwani na miguuni, ambako humalizikia na kudondoka, kiasi kwamba katika muda wa takriban siku 20 mnyama huwa amejibadilisha karibu mwili mzima.

Sasa kiota kiko wapi hapo? Tazameni jaribio hili. Katika miaka ya 1970 Richard Campbell, huko California, aliwatia haidra dawa ya kolkisini, na seli zile ndogo za mviringo zikatoweka, na neva nazo zikatoweka kwa kukosa mzazi. Haidra hao hawakuweza tena kukamata chakula wala kukimeza, lakini mtafiti alipowalisha kwa mkono, mmoja mmoja, waliendelea kuishi na hata kuchipua watoto. Kisha kipande cha haidra mzima kilipounganishwa na mwili wa haidra asiye na neva, seli ndogo zilihamia upande wa pili, zikajaza nafasi zilizokuwa tupu na kuanza kuzaa neva upya. Wapangaji walikuwa wameondoka, nyumba ikabaki. Na nyumba yenyewe ni seli za tabaka la nje, ambazo nazo ni seli shina. Kwa maneno mengine, ndani ya haidra jamii moja ya seli shina ndiyo kiota cha jamii nyingine. Hili halimo katika picha ya uboho wa mfupa, na kwangu mimi ndilo jambo zuri kuliko yote niliyosoma mwaka huu.

Lipo na jingine. Mwaka 1972 Alfred Gierer na wenzake, mjini Tübingen, Ujerumani, waliwatenganisha haidra mpaka zikabaki seli mojamoja zinazoelea, wakazikusanya kuwa donge lisilo na umbo lolote. Donge lile lilijipanga upya: seli za nje zikaenda nje, za ndani zikaenda ndani, vichwa vikaota, na hatimaye haidra wakapatikana. Kama kiota kingekuwa jengo ambalo lazima liwepo kabla ya seli, donge lile lingekufa.

Mdadisi

Mwalimu, shukrani kwa uzi huu. Hata hivyo nina pingamizi. Ukisema kiota kinaweza kuwa mwili mzima, au seli shina nyingine, au donge linalojipanga lenyewe, je, neno hilo halijapoteza maana? Neno linalokubali kila kitu halielezi kitu. Afadhali useme wanyama hawa hawana viota.

Mwalimu wa Mto

Ndugu Mdadisi, pingamizi lako ni la haki, na nitalijibu kwa minyoo bapa, kwa kuwa hao nimewaona kwa macho yangu.

Katika kijito kimoja kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, ukigeuza jiwe lililolala kwenye maji yanayotiririka polepole, unaweza kumkuta mnyoo bapa wa kahawia, mwembamba, mwenye kichwa cha pembetatu na macho mawili yanayoonekana kama yamekengeza. Si kimelea, wala hamdhuru mtu. Mara ya kwanza niliwaweka kwenye maji ya bomba na wote wakafa kabla ya asubuhi. Nadhani ni klorini, maana niliporudia kwa maji ya kijito chao wenyewe, walikaa vizuri. Nilimlaza mmoja juu ya kipande cha barafu kilichofunikwa kwa karatasi yenye unyevu ili atulie, nikamkata kwa wembe mpya nyuma ya kichwa. Kidonda kilijibana baada ya muda mfupi. Siku ya tatu palitokea ncha nyeupe, kama ukingo wa ukucha, isiyo na rangi ya kahawia kabisa. Siku ya saba nilipoinama kwenye lenzi niliona vidoa viwili vyeusi ndani ya weupe ule. Macho yalikuwa yanarudi. Niliwaita wanafunzi waliokuwa uwanjani wakaja mbio, na hakuna somo langu lililowahi kusikilizwa kwa utulivu ule.

Weupe ule ni kazi ya seli zinazoitwa neoblasti, ambazo ni takriban robo ya seli zote za mnyoo. Hizo peke yake ndizo zinazogawanyika katika mwili wake. Ukizichoma kwa mionzi, mnyoo hushindwa kujijenga na hufa baada ya wiki chache. Mwaka 2011 Daniel Wagner, Irving Wang na Peter Reddien, nchini Marekani, walichukua mnyoo aliyekwisha kuchomwa kwa mionzi, asiyebakiwa na neoblasti hata moja, wakampandikiza neoblasti moja tu kutoka kwa mwingine. Baadhi ya minyoo waliofanyiwa hivyo walipona. Ile seli moja ilizaa mpaka ikaujaza mwili wote na kurudisha kila aina ya tishu.

Sasa nirudi kwenye pingamizi. Neoblasti zimetapakaa karibu mwili mzima katika tishu laini iliyo kati ya ngozi na utumbo, lakini hazimo kwenye koromeo wala sehemu iliyo mbele ya macho, na vipande vya sehemu hizo mbili, vikikatwa peke yake, havioti mnyoo mpya. Kwa hiyo zina mipaka. Pili, neoblasti haijui yenyewe kama iko karibu na kichwa au mkia. Habari hiyo huipata kwa majirani, na mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba misuli iliyo chini ya ngozi ndiyo inayotoa ishara za mahali. Ishara za familia inayoitwa Wnt huwa nyingi mkiani na hafifu kichwani, na watafiti walipozima bita-katenini, protini inayozipokea ishara hizo ndani ya seli, minyoo waliota vichwa mahali pa mkia, na hata pembeni mwa mwili. Neoblasti zilikuwa zilezile, ila ziliambiwa habari nyingine.

Kwa hiyo sipendekezi neno linalokubali kila kitu. Napendekeza tupime kiota kwa kazi yake badala ya umbo lake. Swali la kuuliza ni hili: ukiihamisha seli, au ukimbadilisha jirani yake, je, tabia yake itabadilika? Ikibadilika, basi kile ulichokibadilisha ni sehemu ya kiota, kiwe na kuta au kisiwe nazo. Kwa mnyoo bapa kipimo hicho kinatupeleka kwenye misuli iliyoenea mwili mzima, na sioni kwa nini upana wake uwe sababu ya kuukana.

Mdadisi

Nimekuelewa, na kipimo hicho nakikubali. Nabaki na shaka kidogo kuhusu kujiongeza kwa seli, maana kumwambia mtu aende kichwani au mkiani si sawa na kumwambia aendelee kuwa shina. Ishara za misuli zinaonekana kujibu la kwanza kuliko la pili.

Mwalimu wa Mto

Umegusa penyewe. Ni mambo mawili, na kwa uboho wa mfupa tulizoea kuyaona yakifanywa mahali pamoja. Kwa wanyama hawa yanaweza kutenganishwa. Hata kwa haidra, seli zile ndogo zikipungua sana, nyingi kati ya zilizobaki huzaa seli shina zaidi kuliko seli za kazi mpaka idadi irudi. Ni kana kwamba zinahesabiana. Hapo jirani anayeamua ni seli ya jamii ileile.

Bi. Pwani

Hamjambo nyote. Mimi natokea upande wa kusini-mashariki mwa Unguja, na nina dada zangu wanaofuga sponji Jambiani. Kilimo hicho kilianza huko yapata mwaka 2009, baada ya mwani kuanza kuwatesa wanawake kwa kufa na kwa bei kuwa ndogo. Sponji mama hukatwa vipande, kila kipande kikapitishwa kwenye kamba, kamba zikaning'inizwa majini, na baada ya miezi kadhaa kila kipande kimekuwa mviringo mzima. Kinachonishangaza ni kwamba hakuna anayechagua sehemu ya kukata. Juu, chini, pembeni, vyote vinaota, mradi kisu kiwe kikali, kipande kisikamuliwe na kisikae juani. Je, hiyo ina maana kwamba sponji mzima ni seli shina?

Mwalimu wa Mto

Bi. Pwani, shikamoo, na ahsante sana. Dada zako wanafanya kila siku jaribio ambalo wengine huliandikia vitabu.

Si mzima, lakini umekaribia. Mwili wa sponji umejaa mifereji, na kuta za vyumba vyake vya ndani zimezungushiwa seli zenye mkia mmoja mmoja unaopigapiga ili maji yapite. Kati ya kuta hizo na ngozi ya nje kuna ute mzito, na ndani ya ute huo hutambaa seli kubwa ziitwazo akiosaiti, zikienda huku na huko na kugeuka kuwa aina nyingine inayohitajika. Kwa muda mrefu zilihesabiwa kuwa ndizo seli shina pekee za sponji. Baadaye watafiti wa Japani, wakichunguza sponji wa maji baridi, walikuta kwamba jeni ya piwi, ambayo huwaka katika seli shina za wanyama wengi sana wakiwemo haidra na minyoo bapa, huwaka katika akiosaiti na pia katika zile seli zenye mkia. Kwa hiyo seli ile ile inayofanya kazi ya kusukuma maji na kukamata chakula inaweza pia kuwa akiba ya mwili. Kwa binadamu tumezoea kuamini kwamba seli ikishika kazi haiwi tena shina. Sponji hautambui mgawanyo huo.

Kuhusu kukata popote: mwaka 1907 H. V. Wilson, nchini Marekani, aliwakamua sponji wa bahari kupitia kitambaa chepesi cha hariri mpaka wakawa tope la seli, na seli zile zikatafutana, zikashikamana na kuunda sponji wadogo. Seli za shina zilikuwemo kila mahali ndani ya ute, na mazingira yao yalijengeka upya zilipokutana. Ndiyo maana kipande cha pembeni ni sawa na cha katikati. Onyo la dada zako la kutokamua nalo lina sababu, kwa kuwa kipande kinachokamuliwa hupoteza ute na kujaza hewa kwenye mifereji. Kinaweza kuwa na seli nzima lakini kikakosa mahali pa kuzipitishia maji na chakula.

Konokono wa Ziwa

Mwalimu, naomba nifafanue kitu kabla uzi haujaenda mbali. Tusije tukaaminisha watu kwamba kila kinachoota upya majini kinaota kwa seli shina. Jongoo bahari akisumbuliwa hutapika utumbo wake, na baada ya wiki kadhaa huwa na mwingine. Wachunguzi wa jongoo wa Karibi walikuta kwamba sehemu kubwa ya kazi ile inafanywa na seli za kawaida, zikiwemo za misuli, ambazo hulegeza kazi yake, hurudi nyuma na kuanza upya. Hakuna akiba iliyokuwa imekaa ikisubiri.

Mwalimu wa Mto

Ni kweli kabisa, Mkuu, na nashukuru kwa kunisahihisha mapema.

Kabla sijasahau, nimtaje mnyama niliyemwahidi anayebomoa kiota chake kila wiki. Anaitwa Botryllus schlosseri, huishi baharini ameganda kwenye mawe, kamba na matumbo ya boti, na hutazamika kama ua lenye petali. Kila petali ni mnyama mmoja wa milimita chache, na wote wameunganishwa na mishipa ya damu ya pamoja. Kila baada ya takriban wiki moja kizazi chote cha wakubwa hufa kwa pamoja na kufyonzwa, na machipukizi yaliyokuwa yakikua pembeni huchukua nafasi zao. Mwaka 2008 Ayelet Voskoboynik na wenzake walionyesha kwamba seli shina za mnyama huyu hukaa katika mfereji wa koromeo unaoitwa endostaili. Lakini endostaili nayo hufa na mwenyewe. Kwa hiyo seli shina lazima zihame kabla nyumba haijaanguka, zisafiri kwenye damu na kuingia katika endostaili changa ya chipukizi, wiki baada ya wiki, kwa maisha yote ya koloni. Na pale koloni mbili zenye undugu zinapogusana na kuunganisha mishipa, seli shina za moja zinaweza kuvuka, zikakaa katika viota vya nyingine na kuzaa mbegu za uzazi humo. Koloni inaendelea kuonekana ya mwenyewe, kumbe watoto ni wa mgeni. Hapo utaona kwa nini kiota ni mali inayogombaniwa.

Mgeni wa Jukwaa

Samahani kwa kuingilia. Kuna watu wanazunguka mtaani kwetu wakiuza vidonge wanavyosema vina seli shina za viumbe vya baharini, vinarudisha ujana na kutibu kisukari. Mama yangu mdogo amekwisha kununua makopo mawili. Je, kuna ukweli?

Mwalimu wa Mto

Ndugu yangu, hakuna, na naomba umfikishie mama hilo kwa upole lakini bila kuzunguka. Seli iliyokaushwa na kusagwa ni seli iliyokufa. Hata ingekuwa hai, tumbo lingeimeng'enya kama nyama nyingine yoyote. Na hata ingefika kwenye damu, uzi huu wote umeonyesha kwamba seli shina bila majirani wake haijui ifanye nini. Muhimu zaidi, asiache dawa zake za kisukari hata siku moja.

Konokono wa Ziwa

Nami sasa nilete la kwetu, kwa kuwa nimefanya kazi miaka mingi pembezoni mwa Ziwa Victoria nikiokota konokono na kuwapima kama wana kichocho. Tumezungumza minyoo bapa wa kijitoni kama viumbe vya ajabu visivyo na madhara, lakini ndugu yao wa karibu yumo ndani ya miili ya watu wetu, na anaishi humo kwa nguvu ya seli shina.

Mayai ya mnyoo wa kichocho yakifika majini kwa kinyesi, au kwa mkojo kwa aina ile inayopatikana Unguja na Pemba, hutoa kiluwiluwi kidogo chenye vinyweleo, ambaye ndani yake amebeba seli chache tu za uzalishaji. Akimpata konokono anayemfaa hupenya, hupoteza umbo lake na kubaki mfuko. Seli zile chache, ambazo mwaka 2013 zilionekana kufanana sana na neoblasti kwa jeni zinazowaka ndani yake, huzaa mifuko mingine, na mifuko hiyo huzaa viluwiluwi wenye mkia wanaotoka majini kutafuta ngozi ya mtu. Nimekaa asubuhi nyingi na konokono mmoja kwenye kikombe cha kioo chenye maji safi, nimekiweka chini ya taa, na baada ya saa moja au mbili maji huanza kuonekana kama yametiwa vumbi linalocheza. Kila chembe ya vumbi ile ni kiluwiluwi. Mmoja aliyeingia anaweza kutoa maelfu, na wote waliotokana naye huwa wa jinsia moja, kwa sababu wote ni uzao wa seli zilezile. Nikiwaona watoto wanachota maji hatua chache kutoka pale nilipookota konokono wangu, moyo huniuma.

Mwaka huohuo wa 2013 James Collins na wenzake walikuta seli shina katika minyoo wakubwa pia, wale wanaokaa kwenye mishipa ya damu ya mtu. Kazi yake kubwa, kama ilivyoonekana baadaye, ni kuzalisha ngozi mpya ya mnyoo. Ngozi hiyo ndiyo inayokabiliana na kinga ya mwili mchana na usiku, na kwa kuwa inafanywa upya daima, mnyoo anaweza kuishi miaka mingi. Wamewahi kupatikana watu waliohama maeneo yenye kichocho zaidi ya miaka 30 kabla, na minyoo bado ikitaga.

Ila jambo linalohusu kiota ni la jike. Dume ana mfereji kwenye tumbo lake, na jike hukaa ndani ya mfereji huo maisha yake yote. Jike ambaye hajawahi kukumbatiwa na dume hubaki mdogo, na seli shina zilizopaswa kujenga viungo vyake vya uzazi hazisongi mbele. Dume akimkumbatia, seli hizo huanza kugawanyika, tezi za kiini cha yai hujaa, na jike wa aina ya Ziwa Victoria huweza kutaga mayai karibu 300 kwa siku. Mwaka 2022 ilithibitishwa kwamba dume hutoa molekuli ndogo, na majike yaliyowekewa molekuli hiyo kwenye chombo yalikomaa na kutaga bila dume kuwapo. Kwa kipimo chako, Mwalimu, ukimbadilisha jirani na seli ikabadilika, basi jirani ni kiota. Kiota cha seli shina za jike wa kichocho ni mwili wa dume.

Mwalimu wa Mto

Huyo ndiye niliyemtaja kwenye bandiko la kwanza, na umemweleza vizuri kuliko nilivyokuwa nimekusudia. Ninaongeza moja tu kwa ajili ya wasomaji: kinachomuumiza mgonjwa wa kichocho hasa ni mayai yanayokwama kwenye ini, utumbo au kibofu na kuzusha makovu. Prazikwanteli tunayoitumia huua minyoo wakubwa lakini ni dhaifu kwa wachanga. Dawa itakayolenga mazungumzo kati ya dume na seli shina za jike ingezuia mayai, yaani ingezuia ugonjwa na maambukizi kwa pamoja. Dawa hiyo bado haipo, na wanaopaswa kuidai kwa sauti kubwa ni sisi tunaoishi kando ya maji haya.

Mdadisi

Nikiwa natafuta zaidi nimekutana na kamba mwekundu wa maji baridi, yule mwenye asili ya Louisiana aliyeingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970. Inaonekana ubongo wake huongeza neva hata akiwa mzima, kutoka kwenye kiota kidogo kilicho upande wa chini wa ubongo, lakini seli za kiota hicho hazijiongezi: zikigawanyika, watoto wote wawili huondoka. Mwaka 2014 kundi la Barbara Beltz, nchini Marekani, lilionyesha kwamba kinachokijaza kiota ni seli za damu. Mwalimu, hapa kuna kiota kinachoonekana kabisa, lakini wapangaji hawadumu. Ni kinyume cha minyoo bapa.

Mwalimu wa Mto

Mkuu, mfano huo naupeleka darasani kesho. Ndani yake kuna nyumba bila mwenyeji wa kudumu, na kwa mnyoo bapa kuna wenyeji wa kudumu bila nyumba yenye kuta.

Nilimsomea mwanafunzi wangu bandiko la Konokono wa Ziwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: jike akitenganishwa na dume, seli zake shina zinakufa? Naomba Mkuu amjibu mwenyewe, maana amesema atasoma hapa jioni.

Konokono wa Ziwa

Kijana, hongera kwa swali. Hazifi. Jike aliyetenganishwa huendelea kuishi, lakini baada ya siku chache huacha kutaga, na tezi zake za kiini cha yai husinyaa mpaka anakaribia kufanana na jike ambaye hajawahi kukumbatiwa. Ukimrudishia dume, si lazima awe yuleyule wa kwanza, tezi huanza kujengeka tena kutoka kwenye seli zilizobaki, na mayai hurudi. Ukifika Mwanza, niandikie. Nitakuwekea kikombe cha kioo na konokono chini ya taa.